Nani Atamfikisha Rosa Kanisani

Jumatatu, 16 Septemba

Kikao cha harusi kimefanyika uani kwangu, na nimeshindwa katika ua wangu mwenyewe. Mwenyekiti ni binti yangu Brigita, mama wa bibi harusi. Ukali ameurithi kwangu, lakini anautumia vibaya.

Hoja ilikuwa moja: nani atampeleka mjukuu wangu Rosa kanisani Kipatimu siku ya Jumamosi. Nilidhani hilo si la kujadiliwa. Rosa ni mke wangu. Nimemwita hivyo tangu alipokuwa akitambaa, kama babu yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kike, na Helena, mke wangu wa ndoa, humwita mke mwenza na kumlaumu kila mboga inapoungua. Alipokuwa mdogo nilimwahidi kwamba siku atakayoolewa nitampeleka mimi kwa pikapu yangu. Pikapu ni ile ile. Ahadi ni ile ile.

Brigita akasema tatizo ndilo hilo, kwamba pikapu ni ile ile.

Wajumbe wakacheka, kisha wakamtaja jirani yangu Kondo, mwenye Noah nyeupe. Kondo ni mzee wa rika langu, mtu wa msikitini, mpole kupita kiasi. Hufunga mkanda hata anaposogeza gari kivulini. Akasema, kwa ule unyenyekevu wake unaoudhi, kwamba yeye yuko tayari kubeba chochote, bibi harusi au masufuria.

Uamuzi: magari yote mawili yatakaguliwa Jumatano. Matairi manne mazuri, tairi la akiba lenye upepo, jeki, spana, na vile vibao vyekundu vya pembetatu vya kuweka barabarani gari likiharibika. Nikauliza vibao ni vya nini na Mungu ametupa miti. Tangu nianze kuendesha, gari likiharibika ninakata matawi, ninayatandaza mbele na nyuma, na kila dereva anaelewa. Mchango wangu haukuandikwa.

Baadaye bwana harusi, Alex, akapiga simu kutoka Mingoyo. Shikamoo, marahaba. Nikamwonya kwamba hakuna mwizi atakayepita na mke wangu bila kumalizana nami. Nitaziba barabara kwa matawi, naye atakomboa njia. Akacheka akasema, "Babu, usikonde, tumejipanga."

Kijana mzuri. Mwizi, lakini mzuri.

Jumanne, 17 Septemba

Nimelishusha tairi la akiba. Hali yake: kipara. Nyuzi zinaonekana upande mmoja. Upepo hamna. Fundi wa pancha pale sokoni alilitazama akaniuliza kama ninataka alizibe au aliombee. Akasema halizibiki, nikatafute jingine Kilwa Masoko au Lindi. Mtu mwenye akili haendi Lindi kwa jambo linaloweza kumalizwa nyumbani.

Nimelipaka dawa ya viatu. Nyeusi, kopo zima. Nyuzi zimepotea kabisa. Linang'aa kuliko siku lilipotoka kiwandani. Nimelisimamisha ukutani, upande mbaya ukiwa umeelekea ukuta.

Helena alipita, akalitazama, akauliza linapata kipaimara lini.

Jumatano, 18 Septemba

Ukaguzi.

Ilianza Noah. Kondo alilitoa tairi lake la akiba kwenye buti kama anayemtoa mtoto kitandani. Hulifunika kwa kitambaa. Likadunda. Jeki yake imepakwa mafuta. Ana vipande viwili vya mti alivyovichonga mwenyewe, vya kuzuia magurudumu gari lisitembee likiwa juu ya jeki, na ubao wa kuweka chini ya jeki penye mchanga. Brigita alimtazama kwa jicho ambalo hajawahi kunitazama nalo mimi, baba yake.

Ikaja pikapu. Matairi manne yalipita kwa shida. Likaja la akiba. Brigita akalitazama, akasema ni zuri. Nikashukuru, nikaanza kulirudisha. Akasema, "Baba, ngoja kwanza," akalipiga teke.

Likabonyea kama andazi. Kiatu chake cheupe kikatoka cheusi. Akapitisha kidole kwenye kiatu, akanusa, akasema mbele ya wajumbe wote kwamba tairi hili liko tayari kwenda ofisini, barabarani bado.

Hukumu: nimepewa mpaka Ijumaa jioni kupata tairi la akiba lenye upepo. Nisipopata, Rosa anapanda Noah, nami ninapanda nyuma yake pamoja na masufuria.

Rosa alinifuata nilipokuwa nimekaa peke yangu. Yeye ni muuguzi huko Lindi na amekuja juzi kwa ajili ya harusi. Akasema anapenda kwenda na mimi, hataki mtu mwingine. "Lakini nifike, mume wangu." Nikamwambia atafika. Akaitazama mikono yangu, bado ina dawa ya viatu. Mtoto huyu ananifahamu mno.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimefikiri kutwa nzima. Helena anasema kelele zangu amezizoea, kimya changu ndicho kinachomtisha.

Kwenda Lindi kununua tairi: tazama Jumanne. Kumwomba Kondo aniazime lake: haiwezekani. Atakubali, tena kwa furaha, nami nitaishi na furaha yake mpaka nife. Nimejaribu kulijaza langu majani makavu. Yanatokea kwenye tundu.

Kisha nikakumbuka kwamba kesho ni Ijumaa. Kondo huenda msikitini mapema na hutoka wa mwisho. Gari huliegesha chini ya mkorosho, na buti halifungi kwa ufunguo, kwa kuwa kijiji hiki hakina wezi.

Ni kweli hakina. Mimi ninafikiria kubadilishana tu.

Ijumaa, 20 Septemba

Limekwisha. Nilisubiri mpaka wote waingie. Nikatoa tairi la Kondo, nikaweka langu, nikalifunika kwa kile kitambaa chake. Kabla ya kulifunika nililipaka dawa upya, kopo jipya, ili Kondo asipunjike kwa sura. Mtu mwingine asingejali.

Tairi la Kondo ni zuri sana. Sikulijaribu kwenye pikapu, kwa sababu tairi ni duara na mahali pake ni duara.

Brigita alikuja akiwa amevaa ndala. Akapiga teke. Tairi likamrudisha nyuma akatafuta pa kushika. Akauliza limetoka wapi. Nikajibu limetoka kwa rafiki, jambo ambalo ni kweli tupu. Akaniomba radhi kwa maneno ya Jumatano. Nimemsamehe, kama baba.

Kwa hiyo Rosa ni wangu. Kondo atabeba shangazi za Rosa.

Jioni Kondo mwenyewe akaja kunipongeza, na mkungu wa ndizi. Akasema alhamdulillah, haki ya babu ni haki ya babu. Kisha akataka kuniazima vile vipande vyake vya mti na ule ubao wa jeki, maana njia ya mlimani ina mchanga na mawe. Nikakataa kwa heshima. Sipendi kutumia vitu vya watu.

Jumamosi, 21 Septemba

Ninaandika nikiwa nimelala kifudifudi, kwa ajili ya mgongo. Nitaeleza kwa utaratibu.

Tuliondoka mapema. Mimi usukanini, suti ya kahawia. Rosa katikati, gauni limejaa mpaka kwenye gea, kila nikibadilisha ninatafuta gea ndani ya shela. Mlangoni Salima, rafiki yake na msimamizi wake. Kina Brigita walikuwa wametangulia kanisani. Kondo na shangazi walibaki nyuma kwa kuwa shangazi mmoja alirudi kutafuta kilemba.

Tulipoanza kupanda mlima, usukani ukaanza kuvuta kushoto. Rosa akasema, "Babu, pancha." Nikasema ni barabara. Salima akasema ni pancha. Nikasema ni upepo wa mlimani. Kisha chuma cha gurudumu kikasema pancha, juu ya mawe, nami nikakubali.

Hapo wakaanza kunifundisha. Rosa alitaka nisogee polepole mpaka pale juu palipo tambarare, barabara ilikonyooka, tuonekane kutoka mbali. Nikasimama pale pale kwenye kona, kwa kuwa kona ina kivuli. Akashuka na gauni lake lote, akaanza kubeba mawe na kuyaweka nyuma ya magurudumu. Bibi harusi mzima. Salima akasema nilegeze nati kabla ya kuinua gari. Nikainua kwanza. Gurudumu likazunguka pamoja na spana, nami nikazunguka nalo kidogo. Tukashusha, nikalegeza nati nikitazama pembeni, nikainua tena. Jeki ikazama mchangani kama inachimba choo. Nikaukumbuka ubao wa Kondo, nikaufukuza mawazoni. Rosa akatafuta jiwe bapa.

Kazi ya matawi niliifanya mimi, na niliifanya vizuri. Matawi makubwa, mengi, mbele na nyuma, barabara nzima.

Gurudumu bovu lilipotoka nikaleta tairi la Kondo. Likakataa. Nikaligeuza. Likakataa. Nikalipiga kwa kiganja. Rosa akainama, akahesabu kwa kidole: pikapu ina bolti sita, tairi hili lina matundu matano. Akaniuliza kwa upole huyo rafiki aliyenipa ana gari la aina gani.

Nikasema lenye magurudumu.

Mara tukasikia honi, matarumbeta na vigelegele vikipanda kutoka bondeni. Msafara wa bwana harusi, waliokuwa wamelala Somanga. Nikasema tumepona. Salima hakusema tumepona. Alisema bwana harusi asimwone bibi harusi na gauni kabla ya kanisa, hata kama mlima unaanguka. Akamkokota Rosa nyuma ya kichuguu, akamfunika kwa khanga, kisha akamkalia gauni asichomoze.

Kwa hiyo walichokiona wao ni babu peke yake, suti ya kahawia, barabara imezibwa kwa matawi, mikono juu.

Gari zima likalipuka kwa kicheko. Baba mdogo wa Alex, anaitwa Faustino, akachungulia dirishani akawaambia wenzake, "Si niliwaambia? Aliapa kuziba njia, na kaziba kweli!"

Nikamwambia nina pancha.

"Anasema ana pancha! Jamani, kapandisha mpaka na gari kwenye jeki. Huyu ndiye mtani."

Nikasema kwa sauti ya ukali kwamba ninahitaji tairi. Faustino akageuka akasema, "Babu anadai tairi. Mpeni jogoo."

Nikapewa jogoo. Nikasema Rosa yuko pale, nyuma ya kichuguu. Faustino akasema naye ana askofu kwenye buti. Nikapewa kofia. Nikapewa doti ya khanga, zawadi ya Helena. Alex mwenyewe akapita na miwani myeusi, akanishika mkono kwa mikono miwili: "Babu, si nilikwambia tumejipanga? Usichelewe kanisani kwa utani wako." Wakaondoa matawi kwa adabu, gari moja moja likapita. Mama mmoja wa gari la mwisho akashuka akayarudisha yote barabarani, ili na wengine wakija walipe.

Vumbi lao likatua.

Rosa akatoka nyuma ya kichuguu akicheka mpaka wanja umemchuruzika. Salima hakucheka, alikuwa akipangusa vumbi kwenye gauni. Kisha Rosa naye akaacha kucheka. Akatazama jua, akatazama pikapu yenye magurudumu matatu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Babu, nitafika?"

Jogoo akawika.

Ndipo akaja Kondo. Alisimama mbali, akawasha taa za tahadhari, akaweka kibao chake chekundu, akaja kwa miguu. Akanipa pole. Akauliza la akiba liko wapi. Nilikuwa nimelikalia, nimelifunika kwa khanga ya Helena. Nikasema la akiba limepata matatizo. Akasema angenipa lake papo hapo, tatizo Noah ina bolti tano na pikapu yangu sita, halitaingia. "Lakini hayo unayajua, bwana Klementi. Nani asiyejua?"

Akawabana shangazi, Rosa na Salima wakapanda. Akanitaka niende nao. Nikasema lazima mtu alinde gari. Ukweli ni kwamba nisingeweza kusimama.

Noah ikapanda mlima. Nikabaki na jogoo. Hapo ndipo nilipokumbuka kilichomo kwenye buti la Kondo. Rosa wangu yuko juu ya mawe yale, na la akiba ni lile lililopakwa dawa. Nikaanza kusali. Nilikuwa sijamaliza hata Salamu Maria moja niliposikia mlio huko juu. Paa. Halafu honi ya Kondo, ya upole, kama anaomba hodi.

Nikalisukuma tairi kupanda mlima. Liliponiponyoka likashuka peke yake likanipita, likalala kwenye matawi yangu mwenyewe. Nikalisukuma tena. Akatokea bwana mmoja wa bodaboda akishuka na tenga la machungwa. Nikamsihi kwa jina la ndoa takatifu ageuze. Akashusha tenga karibu na pikapu. Tairi nikalifunga mgongoni kwa khanga ya Helena, kama mtoto. Jogoo nikamshika kwapani, kwa kuwa mwenye machungwa hakutaka abaki na machungwa.

Tukawakuta. Noah iko kando ya barabara, mahali palipo tambarare. Kibao chekundu mbele, kibao chekundu nyuma. Vipande vya mti chini ya magurudumu. Shangazi wameketi mbali na barabara, kwenye majani. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa kimoja, na Kondo alikuwa amekikumbatia. Alikuwa amelitoa kwenye buti kwa mikono miwili, kifuani. Kanzu yake nyeupe ilikuwa nyeusi kuanzia kidevu mpaka magoti.

Akalitazama tairi lililo mgongoni mwangu. Akatazama lililo kifuani mwake. Hakupaza sauti.

"Bwana Klementi," akasema, "nilikuwa najiuliza tairi langu limeanza lini kunukia kama viatu vyako vya Jumapili."

Shangazi wakagaragara. Nilikuwa na maelezo. Nilitaka kusema kwamba nilikuwa nimelihifadhi, na kwamba hifadhi hiyo ndiyo iliyolileta likiwa salama. Rosa akainua mkono. "Lete tairi kwanza, mume wangu. Maneno baadaye."

Kondo akafunga tairi. Nati kwanza, zilegee. Ubao, halafu jeki juu ya ubao. Gurudumu likatoka, la akiba likaingia, nati zikakazwa kwa kuvuka huku na huku, gari likashushwa, zikakazwa tena. Niliona anachelewa.

Alipomaliza akafuta mikono, akanipa funguo. Akasema mtoto akiahidiwa ameahidiwa, na isitoshe hawezi kufika mlangoni mwa kanisa la watu akiwa usukanini na kanzu kama ile. Akaingia nyuma katikati ya shangazi, akafunga mkanda.

Kwa hiyo nilimfikisha mimi. Rosa alikaa kando yangu. Kwaya ilikuwa imeanza upya wimbo ule ule, Brigita alikuwa ameshika kichwa, padre alikuwa mlangoni. Alex alipomwona Rosa akishuka katika gari, nami nyuma yake na jogoo, ndipo alipoelewa lile la kichuguu, akavua miwani. Rosa kabla hajaondoka aliniinamia sikioni. Akasema, "Nimefika, mume wangu."

Nikamwambia siku nyingine asichelewe.

Jumapili, 22 Septemba

Tumerudi kutoka misa. Nilipanda nyuma ya Noah na masufuria ya harusi, kwa amri ya mwenyekiti.

Pikapu imerudi nyumbani. Kondo aliazima tairi la bolti sita kwa mtu, akaenda kulifunga yeye mwenyewe. Akaondoa pia matawi yangu yote na mawe, akasema yakiachwa kwenye kona yatamuua mtu, na watu wakizoea kuyakuta bure hawatayaamini siku ya haja. Nikasema yangekauka tu. Mwenye machungwa amechukua tenga lake. Kanzu ya Kondo ninaifua mimi, nimeloweka mara ya pili, na Helena amekataa kunisaidia ingawa khanga ameipokea. Brigita amenisomea yote tangu Jumatatu, nikiwa nimeshika sabuni. Nilimsikiliza. Anasema vizuri.

Nimetafakari kosa langu kwa moyo mnyofu, na nimeliona. Sikuhesabu matundu. Ni hilo tu. Mengine yote yalikwenda kama nilivyoyapanga: Rosa alifika, nami nilikuwa usukanini.

Desemba anaolewa Shamimu, mjukuu wa Kondo. Nimekwisha kumwahidi kwamba nitambeba, na Kondo amesema itategemea tairi la akiba.

Baada ya misa nilizunguka kidogo nyuma ya nyumba ya mapadre, kunyoosha mgongo. Pikapu ya padre imebeba tairi la akiba nyuma, jipya, kwenye kishikio kisicho na kufuli. Matundu sita. Nimehesabu mara mbili.

Padre anahubiri kwa muda mrefu sana, Mungu ambariki.